Mkono Unaotafuta Unywele

Leo nimeomba muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu jambo nililonalo watu hawalisemi. Nataka tuzungumze juu ya mtu anayenyonyoa nywele za mwili wake na hawezi kuacha. Za miguu, za mikono, za kidevu, za kwapa, nyusi, kifua, hata za sehemu za siri. Mtu anayeketi saa moja usiku ang'oe unywele mmoja tu uliomkera, akija kushtuka ni saa nne, ngozi inawaka, makala yamezimika kwenye mbabula, na watoto wamelala bila yeye kujua walilala saa ngapi.

Mwenye kujinyonyoa kichwani ataulizwa. Mama yake ataona pengo, msusi ataliona, mwalimu ataliona. Lakini mguu usio na nywele nani atauuliza? Huku kwetu unasifiwa. Mwanamke akikaa juani asubuhi kwenye kibao, kioo magotini na pensi mkononi, kile kibanio kidogo cha kutengenezea nyusi, jirani anayepita na bidoni ya maji atamsalimu na kwenda zake. Ameona mtu anajitunza. Na kwa watu wengi ndivyo ilivyo: wananyoa, wananyonyoa, wanaoga, yamekwisha. Waislamu wana mafundisho yao ya zamani juu ya kuondoa nywele za kwapa na za siri, wanayafuata maisha yao yote na hayamtesi mtu. Tofauti iko kwenye kumaliza. Anayejitunza anafika mwisho wa kazi, anarudisha pensi mahali pake. Mwenzake hafiki. Mguu ukiisha anarudi kupapasa alikokwisha kupita, akitafuta kilichobaki, na kama hakuna kilichobaki anachimba kile ambacho bado kiko chini ya ngozi.

Ninaujua mkono huo kwa sababu ni wangu. Ulianza nikiwa msichana wa shule, miguuni, ukapanda hadi kidevuni nilipokuwa mtu mzima. Siku hizi mara nyingi unanisikiliza. Kuna majira hausikilizi, na nitayafikia.

Acheni kwanza nieleze jinsi inavyokwenda, kwa maana asiyeijua anafikiri ni maumivu matupu, anashangaa mtu anajiumizaje kwa hiari. Kidole cha shahada kinatembea juu ya ngozi polepole, chenyewe, wakati wewe unasikiliza habari au unangoja maharage yaive. Hakitafuti unywele wowote tu. Kinatafuta ule mnene, ule mgumu, ule uliopinda kinyume na wenzake. Kikiupata, mawazo mengine yote yanakaa kando. Ukiuacha utakusumbua hadi uurudie. Unaukamata kwa kucha au kwa pensi, unavuta, na ukitoka mzima, na kile kishina chake cheupe chenye unyevu, unapata nafuu. Nafuu ya kweli, fupi sana. Wengine wanakitazama kishina hicho kwenye mwanga, wengine wanakipitisha mdomoni, wengine wanakiuma. Halafu kidole kinaanza tena kutembea. Umeme ukikatika hakuna kinachobadilika, vidole havihitaji taa. Nasi wa komini ya Annexe, hapa Lubumbashi, tunajua giza: kuna nyumba ambazo SNEL, kampuni ya umeme, haijazifikia, na zilizofikiwa umeme unakuja unapotaka. Saa hizo za mikono isiyo na kazi ni nyingi.

Waganga wa lopitali wanasema kuna kunyonyoa kwa namna mbili, na wengi wetu tunazo zote. Namna moja mtu hajui kama anafanya: yuko kwenye simu, au kwenye kitabu, na mkono uko kidevuni. Namna nyingine anajua kabisa. Amefunga mlango, ameweka kioo, amekaa mahali penye mwanga, na anafanya kwa sababu ndani mwake kuna jambo analotaka litulie: hasira, wasiwasi wa pesa ya nyumba, upweke, hata kuchoka tu. Nawaomba mzikumbuke namna hizi mbili, kwa sababu dawa ya moja haitibu nyingine.

Wala si ugonjwa uliozuka jana na simu. Mwaka 1889, munganga wa ngozi wa Paris, François Henri Hallopeau, aliandika juu ya kijana mmoja aliyekuwa aking'oa nywele zake, na hakuishia kichwani, aliziandama hata za mwilini. Hallopeau ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la trikotilomania, na waganga wanalitumia hadi leo. Ulikaa muda mrefu sana kabla ya kupewa nafasi yake vitabuni. Waganga wa akili wa Marekani waliuingiza kwenye orodha yao mwaka 1987, na mwaka 2013 wakauhamishia karibu na magonjwa ya mawazo yanayomrudia mtu na kumlazimisha kutenda. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeuweka pamoja na ndugu yake, ule wa kujichuna ngozi. Mara nyingi unaanza mtoto akiwa na miaka 10 hadi 13, pale mwili unapobadilika na nywele mpya kutokea. Makadirio ya kawaida ni mtu mmoja au wawili katika kila mia. Hesabuni wenyewe: kanisani siku ya Mungu, mkiwa mia tatu, watu watatu hadi sita wanaujua mkono huu, na kila mmoja wao anafikiri yuko peke yake.

Nataka kuwaambia pia juu ya kasuku. Yule kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wa misitu ya nchi yetu, amepelekwa dunia nzima kwa sababu anajua kusema. Wanaomfuga Ulaya na Marekani wanajua jambo moja linalowaumiza sana: akifungiwa peke yake, akikosa wenzake na kazi ya kufanya, anaanza kunyonyoa manyoya yake mwenyewe. Anaanza kifuani, anaendelea chini ya mbawa, hadi anabaki ngozi tupu, kichwa peke yake kimebaki na manyoya kwa sababu mdomo haukifikii. Waganga wa wanyama wanamtazama kwanza kama ana ugonjwa wa ngozi au wadudu. Kama hana, wanampa nafasi, wanampa matawi ya kutafuna, wanampa mwenzake. Hakuna anayemwambia kasuku kwamba hana haya. Hakuna anayeuliza nani amemroga. Na kule Utah, Marekani, mwaka 2002, Joy Greer na Mario Capecchi walionyesha panya waliobadilishwa jeni moja tu, wakawa wanajisugua na kujiuma hadi manyoya yakaisha na vidonda vikatokea. Capecchi alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2007 kwa kazi ya namna hiyo ya kubadilisha jeni za panya. Kwa hiyo kuna kitu cha mwili hapa, cha ubongo na damu ya ukoo, nacho hakitoki kwa kuambiwa acha.

Sasa nije kwenye ngozi yetu wenyewe, kwa sababu hapa ndipo sisi watu weusi tunapata mzigo wa pili ambao vitabu vingi vya Wazungu vinaupitia haraka.

Nywele zetu zimejikunja, hata mashina yake ndani ya ngozi yamepinda. Ukiung'oa unywele ukakatikia ndani, au ukianza kuota upya, ile ncha haipandi moja kwa moja. Inageuka, inachoma ngozi kutoka ndani, au inatoka kidogo halafu inarudi kuingia kando. Ngozi inaiona kama mwiba. Inavimba, inatoa kipele kigumu, wakati mwingine usaha. Wanaume wanaijua hali hii shingoni na kidevuni baada ya kunyoa ndevu. Wanawake tunaijua miguuni, kwapani na kwenye kinena. Kwa mtu wa kawaida ni kero. Kwa mwenye mkono huu ni mwaliko. Maana sasa kuna kitu cha kupapasa, tena kigumu, tena kina unywele ndani unaoonekana kama uzi mweusi chini ya ngozi. Anachukua sindano. Anachimba. Anautoa unywele, anapata ile nafuu, na anaacha tundu. Tundu likipona linaacha doa jeusi, na wengine ngozi yao inavimba na kuwa kovu nene linaloendelea kukua. Baada ya siku nywele nyingine mbili zimejikunja kando ya tundu lile lile. Nimeona miguu yangu mwenyewe ikifikia hali ambayo kunyonyoa nilikoanza ili iwe laini ndiko kulikonifanya nisiweze kuvaa sketi.

Na hapo duka la vipodozi linaingia. Madoa yakizidi, mwanamke anakwenda sokoni kununua mafuta ya kung'arisha. Mengi yana haidrokwinoni, mengine yana dawa kali za jamii ya kotizoni, na muuzaji hasemi. Kwa wiki chache doa linafifia. Mtu akiendelea kwa miezi na miaka, ngozi inakonda, na haidrokwinoni inaweza kuacha mabaka ya rangi ya samawati na nyeusi ambayo ni magumu kuondoa kuliko doa la kwanza. Nawasihi bamama: doa la kunyonyoa lenyewe hufifia polepole likiachwa bila kuguswa tena na kulindwa na jua. Linachukua miezi, ndiyo. Lakini hufifia.

Jambo moja kabla sijaondoka kwenye sindano. Pensi, wembe na sindano vinapita mkono kwa mkono kwenye nyumba zetu, kati ya dada na dada, kati ya wanafunzi wa chumba kimoja. Vikigusa damu vinaweza kubeba hepatiti B na virusi vya ukimwi. Kila mtu awe na yake.

Watu wanasema nini juu ya mtu wa namna hii, siku akigunduliwa? Wa kwanza atasema ni uchafu au tabia mbaya, na mama atampiga mtoto vidoleni. Wa pili atasema ni ulozi: kuna mtu anazitaka nywele zako, anakutumia mkono wako mwenyewe kuzikusanya. Nimelisikia hilo. Mtoto akishasemwa hivyo, hata akipona, nyumba haimtazami tena kama zamani, na sisi wa Lubumbashi tunawajua watoto walioishia barabarani kwa neno la ulozi. Wa tatu atampeleka kwenye chumba cha sala. Mimi ni mtu wa kusali, nasali kila siku, na sala imenishika mkono usiku ambao hakuna mwingine aliyekuwa macho. Lakini kufunga siku tatu ukiwa peke yako chumbani, na njaa, na mikono mitupu, kwa mwenye tatizo hili ni kumweka pale pale anaponyonyolea. Mpasta mwenye hekima atasali naye kisha atamwambia aende kwa munganga.

Wa nne ni mume. Huyu mara nyingi hajaambiwa kitu. Anajua tu kwamba mke wake hazimi taa, au anazima kabla hajavua nguo. Kwamba anakaa muda mrefu chooni. Kwamba joto la Oktoba likifika bado anavaa suruali na liputa juu yake. Anatafsiri anavyoweza. Anaweza kudhani hapendwi. Anaweza kudhani kuna mwanaume mwingine. Nyumba zinapoa hivyo, na katikati kuna vinywele vya mguu.

Ninachotaka kusema leo, kama kuna kitu kimoja mtakachobaki nacho, ni hiki: aibu ndiyo inayoulisha mkono. Mtu ananyonyoa kwa sababu ana wasiwasi. Akimaliza anaona alichofanya, anaaibika. Aibu inaleta wasiwasi zaidi. Mkono unaanza tena. Ukimwongezea matusi, umeongeza kuni. Ndiyo maana kupona kunaanza pale mtu anapomwambia mwingine mmoja. Mimi nilimwambia yaya yangu, ndugu yangu mkubwa. Hakucheka wala hakulia. Aliniuliza, "Unafanyia wapi?" Swali zuri sana, ingawa wakati ule sikulijua uzuri wake, kwa maana ndilo hasa swali ambalo waganga wa tabia wanaanza nalo.

Mwaka 1973, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na R. Gregory Nunn, walitoa njia ya kugeuza mazoea: kuuma kucha, kutikisa kichwa, kunyonyoa nywele. Hadi leo njia hiyo, ikiwa imeongezewa mambo, ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko zote. Na uzuri wake kwetu ni huu: haihitaji mashine wala dawa ya bei. Inahitaji daftari, uvumilivu, na mtu mmoja wa kukuunga mkono.

Daftari kwanza. Usijaribu kuacha kitu. Andika tu. Saa ngapi, mahali gani, ulikuwa unafanya nini, mkono gani, ulikuwa na moyo gani, ulitumia nini. Wengi wanashangaa. Walidhani wananyonyoa siku nzima, kumbe ni sehemu chache zenye sura moja. Kwangu daftari lilionyesha kibao cha asubuhi juani, kwa sababu jua la pembeni linaonyesha kila unywele. Lilionyesha kitanda baada ya umeme kukatika. Na lilionyesha kila siku nilipotoka kudaiwa pesa. Huwezi kupigana na mwili mzima. Kibao unaweza.

Baada ya daftari, mahali. Kibao kikahamia kivulini. Kioo cha kukuza kikatoka nyumbani. Pensi ikaenda kukaa kwa yaya, na siku ninapotaka kutengeneza nyusi naenda kutengenezwa kwake, yeye akiishika. Kucha zikakatwa fupi kabisa, kwa maana kucha ndefu ni pensi ya pili. Usiku nikaanza kuvaa soksi ndefu, na plasta kwenye kidole gumba na cha shahada. Plasta haikuzuii kwa nguvu, inakukumbusha tu: kidole kikigusa ngozi, hakisikii kile kilichokuwa kikitafuta, na hapo hapo unajua mkono uko wapi. Na usiku nikapaka miguu mafuta ya mawese au glisirini. Unywele uliolainika kidole hakiupendi, na ngozi isiyokauka haiwashi.

Halafu kiini cha njia ya Azrin na Nunn: mkono unapoanza kupanda, upe kazi ambayo haiwezekani kufanyika pamoja na kunyonyoa. Kunja ngumi, weka mkono pembeni au juu ya paja, ushikilie dakika moja hadi tatu, hadi ile hamu ipande na ishuke. Maana inashuka. Hilo ndilo lililonichukua muda kuliamini. Hamu inadanganya kwamba itaongezeka bila mwisho hadi utii, na si kweli. Usipoitii inafika kilele na kuporomoka, na kila mara inaporomoka bila kulishwa, inarudi dhaifu kidogo. Kwa mkono wa jioni mimi nilichagua kazi za jikoni ambazo zina kuchambua ndani yake. Matembele, kwa mfano: kushika kikonyo, kuvunja ncha, kuvuta ile ngozi nyembamba inayotoka kama uzi. Kupukuchua mahindi makavu. Kuchagua mawe kwenye mchele na maharage. Vidole vinapata kile vinachokipenda, kutafuta na kutenganisha, na ngozi inabaki salama. Yaya alinitania kwamba nyumbani kwake hajawahi kula maharage safi namna ile.

Mwanaume anayenisikiliza asidhani haya ni ya wanawake tu. Dereva wa taksi-busi anayengoja abiria wajae, mlinzi wa usiku getini, mwanafunzi anayekesha kwa ajili ya mtihani wa Dola wa kumaliza sekondari: mkono kidevuni, unywele mmoja mmoja wa ndevu, hadi upande mmoja wa shavu umebaki na mabaka. Vinyozi wanawajua. Kwao ngumi inafanya kazi, na kipande cha kamba cha kufunga na kufungua mafundo, au rozari mkononi, kinafanya kazi vizuri.

Dawa za kumeza nitazigusa kwa ufupi, kwa sababu hakuna iliyo ya uhakika. Mwaka 2009 Jon Grant na wenzake Marekani walijaribu asetilisisteini kwa watu wazima 50 kwa wiki 12. Kati ya waliopewa dawa asilimia 56 walipata nafuu kubwa, kati ya waliopewa kidonge kitupu asilimia 16. Ni ile ile inayouzwa farmasi ya kuyeyusha makohozi. Mwaka 2013 ilijaribiwa kwa watoto, haikuwasaidia kuliko kidonge kitupu. Mwaka 2023 Grant akatoa matokeo ya memantini, dawa ya wazee wanaopoteza kumbukumbu, kwa watu wazima 100, nayo ilionyesha matumaini makubwa. Hizi ni za munganga kuamua, kwa kipimo chake. Tafadhali msitoke hapa mkaenda kununua paketi za kikohozi.

Na mwanamke ambaye kidevu chake kimeanza kuota nywele ngumu nyingi, na hedhi zake zimepotea mpangilio, akapimwe homoni. Hapo kuna ugonjwa mwingine chini, unaotibika, na hata mkono ukitulia nywele zitaendelea kuja.

Wazazi, nawaomba jambo moja zito. Mtoto anayenyonyoa nywele, mtazameni kama anazimeza, hasa za kichwani na zile za mishono ya bandia. Nywele hazisagiki tumboni. Zinajikusanya mwaka hadi mwaka, zinakuwa donge, na wakati mwingine donge hilo linateremsha mkia hadi kwenye matumbo. Waganga walilieleza hilo mwaka 1968 na kulipa jina la msichana wa hadithi ya Kijerumani mwenye nywele ndefu. Mtoto akikosa hamu ya chakula, akishiba baada ya matonge mawili ya bukari, akitapika, akikonda, na tumbo lake likiguswa juu kuna kitu kigumu, mpelekeni lopitali siku hiyo hiyo. Donge hilo linatolewa kwa upasuaji.

Nilisema kuna majira mkono hausikilizi. Kwangu ni Juni na Julai. Baridi ya Lubumbashi inakausha ngozi, vumbi la barabara zetu linaongeza kuwasha, na sote tunavaa suruali na makoti, hakuna atakayeona mguu hadi joto lirudi. Mkono unajua hilo. Zamani nilikuwa nikianguka hata mara moja nasema basi, kazi yote imeharibika, na namalizia mguu mzima kwa sababu tayari umeharibika. Huo ndio mtego mkubwa kuliko wote. Sasa nikinyonyoa kumi, nimenyonyoa kumi; naandika kwenye daftari, nafunga plasta, namtumia yaya ujumbe. Nywele za mguu hukua miezi michache tu, za kichwani hukua miaka 2 hadi 6 kabla ya kupumzika, kwa hiyo mguu unarudi haraka kuliko unavyofikiri. Hata anayepona vizuri mkono utamjaribu siku ya msiba, siku ya madeni, wiki ya mtihani. Wengi tunapima kwa saa ambazo mkono umechukua na saa tulizozirudisha. Na hatuko peke yetu: Christina Pearson, Mmarekani aliyeishi na tatizo hili, ndiye aliyeanzisha mwaka 1991 kituo kule California cha kuwakutanisha watu kama sisi, na mchekeshaji Amy Schumer alilisema lake hadharani mwaka 2022.

Mtaniuliza, tuende wapi? Lubumbashi tuna Kliniki za Chuo Kikuu, tuna lopitali ya Sendwe, na tuna kituo cha magonjwa ya akili kinachobeba jina la Joseph Guislain, munganga wa Gand, Ubelgiji, aliyetetea katika karne ya 19 kwamba mgonjwa wa akili atendewe kama binadamu. Najua wengi wanaogopa lango la kituo cha akili kwa sababu ya jirani atakayewaona. Anza basi kwa munganga wa ngozi, au kwenye santre ya afya ya kartye yako, na uombe akuelekeze. Inawezekana atakayekupokea hajawahi kukutana na mtu mwenye tatizo hili. Usirudi nyumbani kwa sababu hiyo. Vaa nguo ambayo utaweza kuipandisha umwonyeshe ngozi, chukua daftari lako, na umwambie maneno matatu: ninang'oa nywele za mwili wangu, nimejaribu kuacha nikashindwa, nataka kusaidiwa. Halafu umwonyeshe kurasa za saa na mahali. Munganga anayejua kusikiliza anaweza kuanza kazi na hayo siku ile ile.